Mechi za Lin Dan zipo YouTube bure, angalieni jamani

Kama unapenda badminton au ndo kwanza unaanza kushika raketi, ingia YouTube kwenye chaneli ya BWF TV, ile ya shirikisho lenyewe la dunia, changanya na chaneli ya Olimpiki, af tafuta Lin Dan wa China. Hulipii kitu. Na ni mechi nzima, sio vile vipande vya dakika mbili tatu vinavyozunguka WhatsApp ambavyo ni smashi tupu, yale mapigo ya nguvu ya kushusha chini, ukiangalia hivyo utadhani jamaa alikuwa na nguvu tu.

Mi nawapa nyota tano kwa sababu moja kubwa, mechi nzima inakuonyesha anavyosubiri. Fainali ya dunia ya 2011 pale Wembley, na Lee Chong Wei wa Malaysia, kapoteza seti ya kwanza 20-22, kachukua ya pili 21-14, ya tatu Lee akafika mpaka pointi ya kumaliza mechi na bado Lin Dan akaipindua 23-21. Mwaka uliofuata fainali ya Olimpiki London mambo yaleyale, 15-21, 21-10, 21-19, akatoka mbio uwanjani kama kachanganyikiwa kwa furaha. Hapo usiangalie kinyoya, kile wanachopigiana, angalia mkono wake wa kushoto, ndo anaoshikia raketi. Anaruka, mkono uko juu, mwili wote umekaa kismashi, mpinzani karudisha uzito nyuma kujiandaa, af kinyoya kinadondoka taratibu tu karibu na neti. Ukirudisha nyuma ukaangalia tena huoni tofauti kati ya hiyo na smashi yenyewe, mpaka kinyoya kimeshatoka kwenye raketi.

Fainali ya Olimpiki Beijing 2008, aliyomfunga Lee huyohuyo, kwangu sio ya kujifunzia sana, ilikuwa 21-12, 21-8, upande mmoja mno. Ila inagusa ukijua kwamba Olimpiki ya Athens 2004 Lin Dan alienda akiwa namba moja duniani akatolewa raundi ya kwanza na Ronald Susilo wa Singapore. Mtu wa hivyo kuja kubeba dhahabu mbili za Olimpiki mfululizo na ubingwa wa dunia mara tano, All England, yale mashindano makubwa ya Uingereza, mara sita, heshima yake apewe tu.

Kasoro ipo, mechi za zamani picha sio kali, kwenye simu ndogo kinyoya kinapotea kabisa, bora utumie TV au laptop. Na bando linaliwa kweli, mechi ya seti tatu inaweza kupita saa nzima, kwa hiyo tafuta Wi-Fi upakue kabisa.

Ukiwa na muda wa mechi moja tu chukua nusu fainali ya Olimpiki Rio 2016, Lin Dan na Lee tena. Lin Dan ana miaka 32, kashinda seti ya kwanza, ya pili kazidiwa, ya tatu wanafika 20-20 na Lee anashinda 22-20. Kwenye mechi 40 walizokutana Lin Dan alishinda 28, ila hii kafungwa, na bado ndo naipenda kuliko zote, wakimaliza wanakumbatiana wanabadilishana jezi na ukumbi mzima unawapigia makofi. Usiizime pointi ya mwisho ikishachezwa, acha iendelee.