Stesheni za Moshi na Arusha: zinamfaa nani, na kiwanja cha "karibu na reli" kina thamani gani

"Treni imerudi, bosi, hapa patapanda bei." Madalali wa Moshi na Arusha wana neno hilo mdomoni tangu treni ya abiria ilipofika tena Moshi Desemba 2019, kisha Arusha Oktoba 2020. Kwamba treni imerudi ni kweli. Bei kupanda ni habari nyingine, maana inategemea treni hiyo inapita mara ngapi na inabeba nini.

Tuanze na safari yenyewe. Kutoka Dar, reli haiendi kaskazini moja kwa moja. Inafuata Reli ya Kati hadi Ruvu, inakata kwenda Mnyusi kwa kipande kilichounganishwa mwaka 1963, ndipo inaishika reli ya Tanga na kupita Korogwe, Mombo, Same na Kahe hadi Moshi. Ongeza geji (upana kati ya pau mbili za reli) ya mita moja na njia moja ambayo treni hupishana stesheni tu, utaelewa kwa nini basi la alfajiri hushusha watu Arusha siku hiyohiyo wakati treni inalala njiani. Mwenye haraka na begi moja apande basi. Mwenye watoto, au mizigo ambayo konda wa basi angeitoza kwa kukunja uso, atapata nafuu kwenye treni, hasa akikata daraja la pili kulala. Daraja la tatu ni la bei ndogo, ila beba shuka na maji. Juni na Julai usiku wa huku kaskazini si wa shati la mikono mifupi. Wakati wa masika uliza kwanza kama njia iko wazi, kwa sababu tuta likimegwa na maji mahali pamoja tu, hakuna njia ya kuzungukia.

Kipande cha Moshi hadi Arusha ni kizuri kwa macho tu. Moshi iko mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400, kwa hiyo injini inapanda muda mwingi. Barabarani ni kama kilomita 80, na Coaster na Noah zinaondoka kila zinapojaa. Mtu anayelala Moshi na kufanya kazi Arusha hawezi kuipanga wiki yake kwa treni ya siku chache. Na hapo ndipo hoja ya dalali inapovunjika. Dar, treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ile watu waliyoibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliwafaa wapangaji kwa sababu ilikuwa ya asubuhi na jioni, siku za kazi zote. Kinachoifanya nyumba itafutwe ni ratiba. Jengo la stesheni lenye treni za kuhesabu kwa vidole halimwongezei mwenye nyumba kodi.

Historia ya miji hii miwili inaonyesha hivyohivyo. Reli ya Wajerumani ilianza Tanga 1893 ikafika Moshi 1911. Boma lao lilikuwa juu mlimani, panapoitwa Old Moshi hadi leo. Mji ukashuka kuifuata stesheni, kwa kuwa kahawa ilipaswa kushuka. Arusha ilikuwa tayari na boma lake tangu 1900, na reli ikafika 1929. Stesheni ikakaa kusini ya mji, na jirani yake pakawa Unga Limited: viwanda, maghala, na nyumba za vyumba vya kupanga kwa wafanyakazi wake. Mzigo ulileta kazi, kazi ikaleta wapangaji.

Kwa hiyo anayefikiria ghala au frem ya vifaa vya ujenzi karibu na stesheni anafikiria vizuri, mradi apige hesabu. Behewa la tani 40 ni mifuko 800 ya saruji ya kilo 50. Duka moja la kawaida halimalizi mzigo huo haraka, na saruji ikikaa ghala lenye unyevu inaganda. Wenye maduka watatu au wanne waungane, na mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Gharama inayosahaulika ni ya kupakua mara mbili: kutoka behewa hadi lori, kutoka lori hadi dukani. Kila mara kuna makuli wa kulipwa na mifuko ya kupasuka. Ghala likiwa mbali na stesheni, faida ya reli inaishia mgongoni mwa kuli.

Kwa kiwanja cha nyumba, chukua futi kamba kabla ya pochi. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 vijijini, kutoka katikati ya reli, na eneo la stesheni ni pana zaidi ya hapo. Maeneo ya pembezoni yanayoitwa mji midomoni mwa watu yapime kwa mita 30. Karatasi ya mwenyekiti wa mtaa haisogezi hifadhi. Mpeleke mpima aoneshe bikoni, yaani alama za mipaka, kisha fanya upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi.

Angalia pia maji, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Maji ya Meru na Kilimanjaro yanateremka kusini, na tuta la reli limelala likiyakinga kama bwawa. Kalvati, njia ya maji chini ya tuta, likizibwa na chupa na mifuko, viwanja vya upande wa juu vinajaa. Likifunguka, maji yanatoka kwa kasi na kuchimba korongo upande wa chini. Usinunue mbele ya mdomo wa kalvati, upande wowote. Nyufa za ukutani, ambazo treni husingiziwa, mara nyingi ni za udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Penye udongo huo msingi wa kuigiza wa jirani hautoshi.

Limebaki la SGR, reli mpya ya geji pana. Mpango wa kuitoa Tanga hadi Arusha na Musoma upo, na madalali wanauza kwa jina lake. Morogoro, stesheni mpya ilijengwa Kihonda, si pale penye stesheni ya zamani mjini. Kununua leo jirani na stesheni ya zamani ya Arusha kwa kuitegemea SGR ni kubahatisha mahali. Na kiwanja kikipitiwa na njia yenyewe, kinatwaliwa kwa fidia: thamani ya ardhi na kilichomo, posho za usumbufu, makazi na usafiri, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Thamani hiyo huwekwa na mthamini. Bei uliyomlipa dalali kwa matumaini haimo kwenye hesabu yake.