Mwaka mmoja wa kozi ya huduma za uwanja wa ndege: nilicholipia na nilichopata

Nilisoma Astashahada ya huduma za ndege na viwanja vya ndege katika chuo kimoja binafsi cha Dar es Salaam, jina lake naliacha. Sasa niko mwaka wa pili kazini, kaunta ya abiria, Terminal 3 ya uwanja wa Julius Nyerere. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu yangu haipumui: mashangazi, majirani, wazazi wa marafiki, wote na swali lilelile. Kozi hii inalipa?

Nianze na bango, maana ndilo lililonipeleka pale. Lilikuwa na msichana aliyevaa sare ya mhudumu wa ndani ya ndege, skafu shingoni, ndege nyuma yake. Nusu ya darasa letu ilivutwa na picha ile, mimi nikiwamo. Kumbe kozi yenyewe ni ya kazi za ardhini, si za angani: kaunta, lango, mizigo, tiketi, shehena. Mhudumu wa ndani ana mafunzo yake yanayoidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na shirika likimwajiri linamfundisha tena kwa ndege zake lenyewe: milango ya dharura, kuzima moto, huduma ya kwanza, kuokoa watu ndege ikitua majini. Hayo tuliyajua muhula wa pili. Wenzangu wawili waliacha, na ada haikurudi. Mmoja baba yake alikuwa ameuza ng'ombe ili asome. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu siwezi kukipa chuo kile alama nzuri hata kama mimi nilipata kazi.

Ada ilikuwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka, kwa awamu tatu. Sare na viatu mbali, nauli ya mafunzo kwa vitendo mbali. Mtihani wa IATA, ile jumuiya ya mashirika ya ndege yenye makao Montreal, nao unalipiwa peke yake, na habari hiyo tulipewa wakati mifuko imeshakauka. Wengi wakamaliza na cheti cha chuo tu. Kompyuta zilizokuwa zikiwaka zilikuwa 8, sisi tulikuwa 43. Amadeus, mfumo wa kukata tiketi, tuliusoma ubaoni: AN kutafuta nafasi, SS kushika kiti, NM kuandika jina la abiria. Nilikariri kama mtoto wa madrasa anavyokariri, lakini vidole havikuwa na mazoezi. Siku ya kwanza kazini nilikuta kaunta inatumia mfumo mwingine kabisa, na abiria wamejipanga mbele yangu saa kumi alfajiri.

Hata hivyo kuna masomo matatu ambayo ningeyalipia tena, hata kwa bei ya juu.

La kwanza ni bidhaa hatari. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyestaafu katika shehena, na hakuwa anafundisha kwa kusoma kitabu. Alitufundisha makundi yote 9, kuanzia vilipuzi hadi yale mengineyo ambamo betri za lithiamu zimo, lakini alikaa zaidi kwenye vitu ambavyo mama yako anaweza kuviweka kwenye begi bila nia mbaya: kiberiti cha gesi, mtungi mdogo wa kupikia, pawabenki. Hesabu yake ya pawabenki naifanya karibu kila zamu. Chukua mAh, ile namba ya ujazo iliyoandikwa juu yake, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa volti, unapata Wh, yaani nishati iliyomo. Ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 inatoa Wh 74, inapita. Ya mAh 30,000 inatoa 111, na hiyo lazima shirika liridhie, kwa sababu ukomo wa kubeba bila kuomba ni 100. Ikizidi 160 haipandi na abiria kabisa. Na zote zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoenda tumboni mwa ndege, maana betri ikishika moto kule chini hakuna mtu wa kuiona mapema. Shirika moja moja huongeza masharti yake juu ya hayo. Cheti cha somo hili kina uhai wa miezi 24, kisha unasoma tena. Chuo hakikutuambia hilo pia. Ukikaa nyumbani miaka miwili ukisubiri ajira, unakwenda kwenye usaili na cheti kilichokufa.

La pili ni hati za safari. Shirika likimsafirisha mtu asiye na viza sahihi, nchi aendayo inaweza kulitoza faini, na shirika ndilo linalobeba mzigo wa kumrudisha. Kwa hiyo mtu wa kaunta ndiye geti la kwanza. Tulifundishwa kusoma pasipoti kwa kuishika, siyo kwa kuitazama tu: muda uliobaki, kurasa, herufi za jina moja moja. Kwetu majina yana mtihani wake. Tiketi imekatwa na mjomba kwa simu, imeandikwa Mwanaisha, pasipoti inasema Mwana Isha. Abiria analia kwamba ni mtu yuleyule, na ni kweli ni yuleyule, lakini wewe unatakiwa kujua umpeleke wapi arekebishiwe kabla kaunta haijafungwa.

La tatu ni abiria wanaohitaji msaada. Darasani tulisoma vifupisho vitatu vya kiti cha magurudumu. WCHR ni kwa anayepanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. WCHC ni kwa anayehitaji kubebwa mpaka kwenye kiti chake. Niliona ni herufi za mtihani tu, mpaka wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo, alipokuja bibi mmoja wa Tanga anakwenda Muscat kwa binti yake aliyejifungua.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hiki kibegi changu kisinisumbue, nimeweka viungo tu na vitenge vya mtoto.”

Kibegi kilikuwa kilo 36. Kilo 32 ndizo mwisho kwa begi moja, hata ukiwa tayari kulipia ziada, kwa sababu kuna kijana kule chini analiinua kwa mgongo wake. Tukalifungua pembeni, tukahamishia vitenge kwenye mfuko mwingine. Wakati tunapanga, nikaangalia nafasi yake kwenye mfumo: binti yake alimwombea WCHR. Dada aliyekuwa ananisimamia akaniambia kwa sauti ya chini, usisome herufi, muulize mwenyewe.

“Bibi, ngazi unapanda?”

“Ngazi nitazipandaje na magoti haya?”

Pale Terminal 3 kuna madaraja, mtu anaingia ndegeni bila kukanyaga ngazi, kwa hiyo hapa asingepata taabu. Ila huko aendako ndege inaweza kuegeshwa mbali, abiria wakashushwa kwa ngazi. Tukabadilisha ikawa WCHS, ujumbe ukatangulia. Bibi hakujua tumefanya nini, wala hakuhitaji kujua. Mimi siku ile ndiyo niliipenda kazi hii. Bango lilikuwa limeshatoka kichwani.

Mafunzo hayo kwa vitendo yalikuwa wiki 8 na ndiyo yaliyonipa kazi, maana msimamizi alikumbuka jina langu miezi saba baadaye. Lakini darasani kwetu si wote waliofika uwanjani. Kuingia eneo la ndege kunataka pasi, na pasi inataka uchunguzi wa mtu na somo la usalama wa usafiri wa anga. Chuo kilichelewesha majina. Karibu theluthi ya wenzangu walimalizia wiki zao katika maofisi ya kukata tiketi mjini, kukata tiketi mbili kwa siku na kuchemsha chai. Walimu walijitahidi, uongozi haukujali.

Jambo moja ambalo darasani liligusiwa kwa nusu saa, na ningeomba lipewe mwezi mzima, ni madai ya mizigo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anarudi kutoka Guangzhou, mkanda unazunguka mpaka unasimama, begi lake halipo. Hapo anakuwa moto, na ana haki. Mtumishi asiyejua atamwambia “rudi kesho”. Anayejua atamwandikia ripoti ya upotevu palepale kabla hajatoka ukumbini, atampa namba ya kufuatilia, na atamweleza Mkataba wa Montreal wa 1999: begi likiharibika, malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu alipokee, lisipofika kwa siku 21, anaweza kudai kama lililopotea. Haya nilijifunza kwa kukaa karibu na mama mmoja wa dawati la mizigo ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha ndege.

Kozi naipa nyota 4, chuo nyota 2. Mshahara wa kuanzia ni wa kawaida, zamu zinakula usiku na sikukuu, na mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa muda mfupi. Sijutii.

Sasa mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha nne na anataka njia hii hii. Ana ufaulu wa masomo manne, kwa hiyo mlango wa Astashahada uko wazi. Wiki iliyopita tulikwenda wote kwenye vyuo viwili, baada ya kuangalia kwanza kama vimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, na tutapita pia NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo tulinganishe. Cha kwanza walituonesha sare. Cha pili niliomba kuona chumba cha kompyuta kikiwa na wanafunzi ndani, nikauliza waliomaliza mwaka jana walifanyia mafunzo kwa vitendo wapi, na mtihani wa IATA ni shilingi ngapi juu ya ada. Dada wa mapokezi alifungua daftari akatusomea moja baada ya jingine. Fomu tumechukua hapo.