Hossegor msimu kwa msimu: uzoefu wangu wa mawimbi ya Landes

Kwa anayejua tayari kuteleza kwa ubao, Hossegor, mji wa pwani ya Landes kusini-magharibi mwa Ufaransa, ni mahali pa Septemba na Oktoba. Miezi mingine ina siku zake nzuri, ila ni katika wiki hizo ambapo dhoruba za Atlantiki ya Kaskazini huwa zimeanza kutuma mawimbi, mafungu ya mchanga yamekaa vizuri baada ya utulivu wa kiangazi, na maji bado yana joto la nyuzi 18 hadi 20. Mashindano makubwa ya kimataifa yaliyokuwa yakifanyika hapa yaliwekwa majira hayo kwa sababu hiyohiyo.

Aliyezoea pwani yetu, ambako kusi na kaskazi ndizo zinazotangaza hali ya bahari, inambidi abadili hesabu. Huku mawimbi huzaliwa mbali, na yanaweza kukufikia siku ambayo ufuoni hata bendera haipepei.

Kinachoitofautisha Hossegor na fukwe nyingine za kusini-magharibi mwa Ufaransa hakionekani. Mbele ya mji jirani wa Capbreton kuna korongo la chini ya bahari linaloanza mita mia chache tu kutoka ufuoni na kushuka kina cha zaidi ya mita 3,000. Wimbi huanza kupungua kasi pale kina kinapokuwa chini ya nusu ya urefu wake, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Juu ya korongo halipungui, kandokando linapungua. Kwa hiyo linapinda, na nguvu yake hukusanyika upande wa kaskazini, yaani kwenye fukwe za La Nord na La Gravière. Karibu na mdomo wa bandari ya Capbreton hali huwa tulivu zaidi.

Ndiyo maana nasisitiza: usisome kimo cha wimbi peke yake kwenye utabiri, soma na sekunde za kipindi chake, yaani muda kati ya wimbi moja na linalofuata. Wimbi la sekunde 8 lina urefu wa takriban mita 100, hivyo huigusa sakafu kwenye kina cha mita 50. La sekunde 14 lina urefu wa mita 300 na zaidi, nalo huanza kupinda likiwa bado kwenye kina cha mita 150. Mita 1.5 kwa sekunde 14 pale La Gravière ni siku ya kuheshimiwa, na wengi huumia kwa kudhani ni siku ndogo. Mita 2 kwa sekunde 8 ni fujo tu ya maji. Mimi hutazama vipimo vya boya la mawimbi la Gascogne, lililo kilomita 300 na ushei kaskazini-magharibi. Kundi la mawimbi ya sekunde 14 husafiri kama kilomita 39 kwa saa, basi linaloonekana pale hufika Hossegor baada ya saa nane au tisa hivi. Ukiliona usiku, asubuhi liko mlangoni.

Upepo unaotakiwa ni wa mashariki, kutoka bara, kwa sababu huusimamisha uso wa wimbi na kuulainisha. Siku ya joto huvuma tangu alfajiri hadi saa nne au tano asubuhi, kisha upepo wa bahari hugeuza kila kitu. Ingia mapema.

Maji kujaa na kupwa ndilo jambo linalowachanganya wageni zaidi. Wakati wa bamvua tofauti hupita mita 4. Wakati wa maji mafu ni kama mita 1.5. Wafaransa hulipima jambo hili kwa namba kutoka 20 hadi 120, nayo huandikwa kwenye jedwali la maji linalopatikana kila duka la mbao. Ikizidi 95, fungu lililokuwa likitoa wimbi safi huzama au hukauka ndani ya saa mbili, na ukichelewa kifungua kinywa umeikosa siku. Kati ya 45 na 70 una muda mrefu zaidi wa kufaidi. Maji yakijaa sana La Gravière, wimbi huvunjika karibu kabisa na ufuo, juu ya mchanga mgumu wenye maji ya magotini. Mbao hukatika hapo, na shingo pia huumia. Kwa anayejifunza, La Sud ndiyo salama zaidi. Les Estagnots, upande wa Seignosse, inafaa aliye katikati.

Majira ya baridi sipendekezi kwa mgeni. Maji hushuka hadi nyuzi 12, Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na dhoruba mfululizo huyavunja mafungu. Baridi ya 2013–2014 iliila pwani hii vibaya. Siku kubwa zikitulia, La Nord hubeba mawimbi ambayo fukwe nyingine zinayaangusha yote kwa mpigo, lakini hiyo ni kazi ya wenye mapafu na ubao mrefu. Masika hubahatisha. Julai na Agosti maji hufikia nyuzi 21 hadi 23, mawimbi ni madogo, watu ni wengi, maegesho ni shida. Ni muda mzuri wa kuanza, si wa kutafuta wimbi bora.

Vazi la mpira: milimita 3 kiwiliwili na 2 mikononi hadi Oktoba, 4 kwa 3 Novemba na Desemba, kuanzia Januari 5 kwa 4, pamoja na viatu, na kofia siku za upepo.

Ukikodi ubao, bonyeza kila palipozibwa. Pakibonyea au pakitoa maji ya chumvi, rudisha: ubao umeshakunywa maji na utakuwa mzito mkiani. Tikisa mapezi, kagua kamba ya mguuni pale inapoungana na ubao, na uliza kabla ya kulipa nani anagharamia ubao ukikatika. Wakodishaji wengi hapa hawakupi ubao wa nyuzi za kioo kwa ajili ya La Gravière, na nadhani wana haki.

Mwisho, mabwawa ya ufuoni waitayo baïne. Maji hujaa nyuma ya fungu, kisha hutoroka kwa kasi kupitia pengo moja, hasa wakati wa bamvua, saa chache kabla na baada ya maji kupwa kabisa. Ukishikwa, baki juu ya ubao, usishindane na mkondo. Piga mikono kwa ubavu sambamba na ufuo hadi uone povu la mawimbi, kisha liache likurudishe. Usiingie na ubao kati ya bendera za nyekundu na njano. Hapo ni pa waogeleaji, na walinzi watakutoa.