Uzoefu wangu: reli ya Kato Unitrack kwenye ubao wa sentimita 120 kwa 60

Kato Unitrack ni reli ya treni ndogo za mfano, zile za kujenga nyumbani. Nimeitumia miezi kumi na minne, na treni yangu inazunguka bila kukwama. Ninaishi Manchester, kwenye fleti ya chumba kimoja cha kulala, na ubao wote hulala chini ya kitanda. Naandika kwa ajili ya yule anayetamani kuanza na anaangalia sebule yake akidhani haiwezekani.

Mimi ni mtoto wa Voi. Baba alikuwa pointimani, yaani mwendesha pointi, vile vyuma vinavyohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine, na nyumba ya reli tuliyokaa ilikuwa karibu na njia kiasi kwamba vyombo vililia kabatini kila injini za mvuke za aina iliyoitwa daraja la 59 zilipopita usiku na mizigo ya Mombasa. Injini hizo zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya kwetu, na zote zilijengwa na Beyer, Peacock hapahapa Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Ile ya Mount Gelai ipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli, Nairobi. Nilipohamia mji huu na kugundua kwamba kiwanda chenyewe, kilichofungwa 1966, kilikuwa mwendo wa basi tu kutoka kwangu, hamu ya kuwa na Voi yangu ndogo haikuniacha tena.

Nilianza kwa kununua kabla ya kupima. Dukani kulikuwa na plaiwudi iliyokwisha kukatwa, 120 kwa 60, nikaichukua, na jioni ileile nikaagiza seti yenye kona za nusu kipenyo cha milimita 315. Hesabu niliifanya baadaye, nimepiga magoti sakafuni na vipande mkononi. Kona zikifunga nusu duara, kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 630. Ongeza 25 za upana wa kitako kinachobeba reli, unapata 655. Ubao wangu una 600. Reli ilitokeza nje pande zote mbili.

Kwa hiyo, anza na kona. Kwenye nafasi ndogo kona ndiyo inayoamua mengine yote, si urefu wa ubao, wala si idadi ya mabehewa unayoyatamani. Kato wana kona za milimita 216, 249, 282, 315 na nyingine pana zaidi, kwa hiyo nilikuwa na pa kurudi. Ile ya 282 inaingia, lakini inabaki milimita tano tu kila upande, na treni ikiacha njia hapo inaishia sakafuni. Nikachagua 249. Inachukua upana wa 523, na kila upande kunabaki karibu sentimita nne za kupanda vichaka. Kwa urefu niliweka vipande viwili vya 248 na kimoja cha 124 kila upande. Jumla ni milimita 1143. Imeingia.

Mabehewa marefu ya abiria kwenye kona ya 249 hutoa pembe nje, na jicho linaliona hilo. Mabehewa mafupi ya mizigo yanapita vizuri sana. Mimi nina ya abiria matatu na ya mizigo sita, na ya mizigo ndiyo yanayotembea zaidi.

Reli hii ni ya kipimo cha N, yaani 1:160, kila kitu kikiwa kidogo mara 160 kuliko cha kweli, na upana kati ya vyuma viwili ni milimita 9. Jambo hili lilinisumbua kwa wiki kadhaa. Zidisha 9 kwa 160, unapata 1440, ambayo karibu sana ni SGR, reli mpya ya Kenya, yenye milimita 1435. Reli ya zamani ya baba ilikuwa ya mita moja kamili, na kwa kipimo hiki ingepaswa kuwa na milimita sita na robo. Kwa hiyo vipande nilivyonunua, kwa haki, ni vya ile treni iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na Voi yangu ni ya mwaka 1978. Nilifikiria kuhamia kipimo kingine. Mwishowe niliweka behewa juu ya reli, nikaliangalia kwa urefu wa macho kutoka upande, na niliona treni tu. Nikaendelea. Mwenye shauku na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ana bahati zaidi yangu: ile ni ya milimita 1067, na ukijenga kwa 1:120 juu ya reli hizihizi za milimita 9 unaipata karibu kamili. Wapo New Zealand wanaofanya hivyo kwa reli zao, ambazo nazo ni za 1067.

Nilitaka pia njia ipande na kupita juu ya yenyewe kwa daraja. Nilikaa nalo siku tatu kabla ya kuliacha. Ili treni ya N ipite chini, unahitaji kama sentimita tano za uwazi. Kwa mwinuko wa tatu kwa mia, ambao injini ndogo inaumudu, hiyo ni sentimita 167 za kupanda na nyingine 167 za kushuka. Mzunguko wangu wote una mita 2.8. Na kitanda nacho kina neno lake: chini yake pana sentimita 19, ubao na fremu vinachukua tano, kwa hiyo chochote kinachosimama juu ya ubao kisizidi 13.

Nilijiuliza kipi kibaki. Niliwahi kuchora Voi yenye njia sita, karakana, daraja na nyumba zetu, yote kwenye mbao mbili za meza. Nikampigia kaka yangu mkubwa, aliyebaki kule.

"Kaka, ukiambiwa uchague kitu kimoja tu cha stesheni yetu, utachagua nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Weka njia ya Taveta, mdogo wangu. Bila kuchepuka kwenda Taveta, hiyo ni stesheni yoyote tu."

Karakana ikaondoka, njia tatu zikaondoka. Nina mzunguko mmoja, njia moja ya kupishana mbele ya jukwaa, na mchepuko wa Taveta unaoingia nyuma ya kilima na kuishia pale. Katikati ya ubao nimesimamisha ukuta wa kadibodi wa sentimita 12, mbele stesheni, nyuma nyika ya Tsavo. Treni ikitoka Voi inapotea, na mtu aliyekaa mbele haoni kwamba inazunguka tu. Kati ya yote niliyofanya, ukuta huo ndio ulioupa ubao ukubwa.

Sasa reli yenyewe. Vipande vya Unitrack vinakuja vimeshikana na kitako chenye sura ya kokoto, unavibana kwa mkono, unavibandua kwa mkono. Kwa anayeanza, hii ni neema. Nilipanga na kubomoa mara tisa kabla ya kupiga pini ya kwanza, na hakuna kipande kilichoharibika. Kabla ya hapo nilichora kwenye programu ya AnyRail, ambayo bila kulipa inakuruhusu vipande 50. Ubao wangu haufiki 30. Hata hivyo kata pia karatasi za ukubwa halisi, uzilaze juu ya ubao, na uache siku mbili. Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu huonekana kinatosha. Rangi ya kokoto ni kijivu, na udongo wa Voi ni mwekundu, kwa hiyo nilipitisha rangi ya maji ya udongo kwa brashi, nikafuta juu ya chuma kabla haijakauka. Umeme nimeunganisha mahali pamoja tu, na kwa mzunguko huu unatosha. Chuma nafuta kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya wiki mbili.

Injini ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, kwa muuzaji aliyeapa imesafishwa. Magurudumu yalikuwa na masizi na uzi wa zulia ndani. Omba video ya injini ikitembea kabla hujalipa.

Mpaka sasa nimetumia kama pauni 260, plaiwudi ikiwemo. Reli hii ningeinunua tena kesho.

Jumapili iliyopita nilimwonyesha kaka kwa simu. Treni ilitoka jukwaani, nikabadilisha pointi, ikachepuka kwenda Taveta. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na tangi la maji?" Nimepima. Kati ya jukwaa na pointi pana sentimita nne, na tangi linahitaji tatu.