Mjomba, Mbona Sirudi? Nazipima Gemu za Bunduki kwa Kifo cha Mle Ndani

Haya wadau, mambo vipi! Niko hapa hapa Mabatini, Mwanza, na mkisikia kelele nyuma yangu hiyo siyo gemu, ni jirani anachomelea geti. Nimemwomba anipe nusu saa, kanipa robo. Kwa hiyo leo hatuzunguki.

Juzi nilikuwa kijiweni kwa kinyozi, vijana wawili nusura washikane mashati. Mmoja anasema Counter-Strike ni gemu ya wazee, unakaa tu unaangalia wenzako wanacheza. Mwenzake anamjibu kwamba Call of Duty ya simu ni ya watoto, unakufa unarudi, unakufa unarudi, kama inzi kwenye dagaa. Nikawasikiliza mpaka nikanyolewa vibaya upande wa kushoto, mnaona hapa. Njiani nikawaza, mbona hawa hata hawabishani kuhusu bunduki wala picha? Wanabishana kuhusu kufa.

Ndiyo nikasema uchambuzi wa leo nauliza swali moja tu kwa kila gemu: ukipigwa risasi, halafu?

Tuanze na iliyojaa kwenye simu za mjini hapa, Call of Duty: Mobile, kwa kifupi COD. Ilitoka Oktoba 2019, waliotengeneza ni TiMi wa Tencent, waliochapisha ni Activision. Watano kwa watano. Chukua uwanja wa Nuketown: nyumba mbili zinatazamana, katikati kuna magari, ukichomoza pua tu umekwenda. Na wala huumii! Sekunde chache uko tena uwanjani, bunduki yako ile ile, unamtafuta aliyekulamba. Anayeipenda hii anatarajia asisubiri. Amepanda daladala Igoma, kabla ya kufika mjini kashacheza mbili na konda hajamdai nauli.

Ina modi, yaani aina ya mchezo, ya kutega bomu pia, ambayo ukifa hurudi mpaka raundi ijayo, lakini wengi naowaona wanaikimbia. Na nikuonye kitu: mechi zako za mwanzo zimejaa roboti, wachezaji wanaoendeshwa na gemu yenyewe. Unaua ishirini, unajiona fundi, unapiga picha ya skrini unaweka status. Ukipanda ngazi ukakutana na binadamu ndiyo unaanza kusingizia bando.

PUBG Mobile ni habari nyingine. Najua, wakali mtaniambia kwa kawaida unaona mgongo wa mtu wako, huoni kwa macho yake kama kwenye gemu hizi nyingine. Sawa, lakini modi ya kuona kwa macho yake ipo, na mimi nacheza hiyo. Watu 100, wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi, uwanja wa Erangel ni kilometa 8 kwa 8. Unaokota kofia, unaokota darubini, unajaza begi, unatembea kama unakwenda kusalimia ukweni, halafu, paa! Ukiwa na wenzako unaanguka kwanza, unatambaa, mmoja akikuwahi anakuinua. Ukiwa peke yako ndiyo basi, dakika ishirini za kuokota zote kwenye sanduku, na aliyekuua anakuja kuchagua anachokipenda.

Anayeipenda PUBG anatarajia ile hofu. Anaweza akacheza nusu saa akafyatua risasi mara tatu, na akakusimulia wiki nzima. Halafu wanalalamika kuhusu watu wa kujificha. Jamani, sisi tumezaliwa kwenye mawe! Mtu wa Mwanza ukimwambia asikae nyuma ya jiwe unataka akae wapi?

Nami nilishaonja uchungu wake. Nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, tumebaki watu tisa, niko nyuma ya jiwe langu nimetulia. Katikati ya ziwa mtandao, siutaji, ukakata. Uliporudi nimeshageuka sanduku. Mama mmoja pembeni aliyebeba kapu la sato akaniuliza, "Baba, umepata msiba?"

Sasa Counter-Strike 2. Hii ni ya kompyuta, ilitoka Septemba 2023 ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Nacheza kwa rafiki yangu Nyegezi. Watano kwa watano, upande mmoja unatega bomu, mwingine unazuia au unalitegua, wa kwanza kufikisha raundi 13 kashinda. Nilimpeleka mpwa wangu, ana miaka kumi na minne, kwenye simu ni moto wa kuotea mbali. Akashika bunduki ya AK, akatoka mbio katikati ya njia kama alivyozoea, risasi moja ya kichwa, chini. Akawa anabonyeza vitufe vyote. Akanigeukia: "Mjomba, mbona sirudi?"

Hurudi, baba. Kaa hapo uangalie wenzako.

Hapo ndipo wengi wanaichukia, na mimi ndipo ninapoipendea. Kifo cha Counter-Strike kina bei, tena ya dola za mle ndani. Raundi ya kwanza kila mtu ana dola 800. AK ni dola 2,700. Ukifa nayo imeanguka hapo, adui anaiokota bure. Raundi ijayo wewe unahesabu senti, wenzako wanaangaliana: tununue, au tubane matumizi safari hii tujipange? Timu inayofungwa mfululizo inaongezewa posho kidogo kidogo ili isife njaa. Kwa hiyo ukimwona mtu anakwenda polepole, viatu havilii, usidhani anaogopa. Anatunza mtaji.

Valorant ya Riot ni ndugu yake, nayo raundi 13, ila kila mhusika ana ufundi wake. Kuna dada mle anaitwa Sage, akishakusanya nguvu anamfufua mwenzake. Nusu ya wanaotoka Counter-Strike wanaiona ni uchawi, nusu wanaona ni raha. Tusonge.

Kwa upande wa simu, anayekuja kwa kasi ni Delta Force, iliyofika kwenye simu Aprili 2025. Hii ina vifo viwili vya aina tofauti ndani ya gemu moja, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa. Modi ya vita vikubwa, 24 kwa 24, vifaru na helikopta, unaanguka unamsubiri daktari wa timu akuinue au unakata tamaa unaanza upya. Lakini ukibonyeza ile modi nyingine, ya kuingia, kuokota na kutoka, ukifa umepoteza kila ulichoingia nacho, kasoro vilivyomo kwenye kisanduku chako cha usalama. Mtu katoka COD, kavaa silaha zake zote nzuri, anaingia kwa mbio zile zile... Maskini. Kabla hujaiita gemu mbovu, angalia umebonyeza mlango upi.

Na anayedhani jina kubwa linatosha, akumbuke Warzone Mobile. Machi 2024 ilikuja na uwanja wa Verdansk, wachezaji 120, jina la Call of Duty mbele. Mei 2025 ikaondolewa kwenye maduka ya programu. Activision wenyewe walikiri haikufikia walichotarajia kwa watu wa simu. Mtu wa simu ana matarajio yake, siyo mtu wa kompyuta aliyekosa hela.

Sasa mtaniuliza mimi nasimama wapi. Ukiwa na simu ya kawaida na bando la kuhesabu, weka COD, acha ubishi. Ukiwa na usiku mrefu na wenzako watatu wanaojua kunyamaza, PUBG. Delta Force naipa alama kwa vita vikubwa, ila ile modi ya kuporwa vitu sijaiva nayo. Mimi moyo wangu uko Nyegezi.

Maana hamjasikia mwisho wa mpwa wangu. Jioni ile ile, tuko 12 kwa 11, timu yake wote wamelala, kabaki yeye. Bomu limetegwa, na likishategwa una sekunde 40. Akatembea, hakukimbia, namwangalia hivi. Akamlaza wa kwanza. Akasubiri. Akamlaza wa mwisho. Chumba kizima kimya. Akainama kutegua. Ukiwa na vifaa vya kutegulia ni sekunde tano, bila vifaa ni kumi. Vifaa vinauzwa dola 400.

Hakununua.

Likamlipukia mikononi. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mjomba, zilikuwepo. Nilikuwa na dola mia sita."

Rafiki yangu anataka kufunga tukale, mtoto kashikilia kiti. Na hapa Mabatini, jirani naye huyo, kashawasha mashine yake.