Bat na urembo wake ulioniangushia seva

Mimi ni mtu wa cat, ile amri ya Linux ya kuonyesha faili. Herufi tatu, faili linamwagika kwenye skrini, basi. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi ndiye aliyenichokoza: "Bro, bado uko huko? Weka bat uone rangi." Nikaweka hiyo bat, programu ya kazi ileile ya cat ila kwa rangi na mapambo. Naandika bat kwenye Ubuntu, naambiwa amri haipo! Kumbe huko inaitwa batcat, jina fupi lilishachukuliwa na programu nyingine. Nikaipa alias, yaani jina la bandia: kila nikiandika cat inakuja hiyo. Nikajitia kitanzi mwenyewe.

Ijumaa moja jioni, watu wameshabeba mabegi, nafungua faili la mipangilio la nginx, programu inayohudumia tovuti. Rangi tamu, namba za mistari pembeni, kamstari ka wima kamenyooka. Nikaburuta mausi, nikakopi, nikapesti kwenye seva, nikairestart. Tovuti ya mteja chali. Kosa lenyewe: unknown directive "13", yaani agizo "13" halijulikani. Kumi na tatu ipi tena? Karibu saa nzima nalaumu DNS (mfumo wa majina ya tovuti), namlaumu mtu wa firewall, ndipo nikaona: zile namba na vile vijiti vyote vilizolewa na mausi vikaingia ndani ya faili. Yaani kazi yako ni kunionyesha faili, halafu unanichanganyia na vitu ambavyo havimo! Na ukiipeleka kwenye pipe, yaani kwa programu nyingine badala ya skrini, inavua mapambo yenyewe, adabu tele. Inajiremba ikikuona wewe tu.

Ndiyo, ipo -p ya kuondoa urembo. Ndiyo, ningepitisha kwanza nginx -t ya kukagua mipangilio. Najua, msinifundishe.

Niliifuta usiku uleule, na alias yake.

Sasa wiki chache baadaye skripti iliyotoka kwenye Windows ya mteja ikagoma, "bad interpreter", na kwa macho haina kasoro. Kijana yuleyule akasogeza laptop yake, akaandika bat -A. Mwisho wa kila mstari kikakaa kialama ␍, kile cha mwisho wa mstari cha Windows kinachoichanganya Linux, kama kunguni kwenye pindo la shuka. Hata chai yangu haikupoa. Nikanyamaza. (Haki isemwe, cat -A nayo ingenitolea kialama kilekile kama ^M palepale. Ila nani aliyekumbuka?)

Basi imerudi kwenye mashine yangu. Nyota mbili. Haya, tatu, maana kwenye mafaili ya mipangilio ya YAML zile rangi zinaniokoa macho. Lakini alias haipati tena, na kwenye seva haikanyagi.