Ubao janja uliotufungia darasa: uzoefu wangu

Kampuni iliyotuuzia ubao janja, ile skrini kubwa ya kugusa ya kufundishia, siitaji. Sitaki barua za mawakili, na mmiliki wa shule yetu bado ana mkataba nao. Ila mwalimu yeyote wa shule binafsi hapa Dar aliyewahi kufuatwa na vijana wenye fulana za kola, wakamtundikia kioo kikubwa ukutani na kumwambia "Mwalimu, chaki sasa basi", atajua nazungumzia nini.

Mambo ya inchi na kasi yake mtayakuta kwenye vipeperushi vyao. Mimi nafundisha fizikia Kidato cha Pili na cha Tatu, upande wa Mbagala, darasa limefurika na mabati yanachoma. Nataka kusema kilichotokea kwenye somo la umeme, maana mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Nianze na haki yao kabla hasira haijanizidi. Wiki za mwanzo niliupenda ule ubao. Niliupenda mno. Kila anayefundisha umeme anaujua ugonjwa mmoja wa wanafunzi: wanaamini umeme unaliwa njiani. Ukiwafungia balbu mbili kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya, watakuambia ya kwanza inakula, ya pili inabakiziwa makombo. Utaandika ubaoni kwamba kwenye mfululizo mkondo ni ule ule kila mahali, watanakili vizuri kabisa, na kwenye jaribio la mwisho wa mwezi watakurudishia makombo yao. Nimefundisha hivyo kwa chaki miaka na miaka, na maabara yenye ameta (vipima mkondo) chache, nusu yake mishale imelala haiamki.

Sasa kwenye ule ubao kuna sehemu ya kujenga sakiti, njia ya kupitisha umeme. Unavuta betri kwa kidole, unavuta waya, balbu, swichi. Sakiti ikikamilika unaona vitone vya buluu vinatembea ndani ya waya. Nilimwita binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hanyooshi mkono hata ukiuliza tarehe ya leo, akafunga balbu mbili. Wote macho kwenye vitone. Vinaingia balbu ya kwanza, vinatoka na mwendo ule ule, vinaingia ya pili. Jirani yake akapiga kelele: "Madam, mbona havipungui!" Mtundu mwingine akaja mbele, akaunganisha waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila kupitisha kwenye balbu, moto ukalipuka kwenye skrini, na darasa nalo likalipuka. Walielewa shoti ni nini kabla sijafungua mdomo. Siku ile nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mkuu wa shule, nikamwambia pesa imekwenda mahali pake.

Maneno hayo nayarudisha. Au nusu yake, nitafika huko.

Kilipofika kipindi cha Pili B, somo lile lile, TANESCO wakakata. Haikuwa muda mrefu. Umeme ukarudi, feni zikaanza kuzunguka, watoto wakashangilia kama kawaida yao. Ubao ukawaka, ukaonyesha nembo ya kampuni, ukasimama hapo hapo. Halafu yakaja maandishi: leseni haijathibitishwa, unganisha intaneti.

Leseni! Ya kitu tulichokwisha kulipia! Siku wanakuja kuuza, kijana wa mauzo alikaa ofisini kwa mkuu, mimi nikiwepo, akaapa kwamba masomo yote yamo ndani ya ubao wenyewe na hayahitaji intaneti. Kumbe ni kweli masomo hayahitaji, ila mlango wa kuyafikia ndio unaohitaji. Umeme ukikatika ghafla, ubao ukiwaka upya lazima kwanza upige hodi kwao Mikocheni kuomba ruhusa ya kufundisha watoto wa Mbagala. Ni sawa na kununua nyumba, halafu ufunguo akabaki nao dalali.

Nikawasha hotispoti ya simu yangu. Bando langu la wiki, pesa ya mfukoni kwangu. Ubao ukashika mtandao, nikamshukuru Mungu, na badala ya kufunguka ukaanza kujipakulia masasisho. Kiduara kinazunguka, asilimia tatu, asilimia nne, na mimi nimesimama mbele ya watoto kama niliyekuja kuangalia sinema. Muda si mrefu meseji ikaingia, "Ndugu mteja", bando limekwisha. Kiduara kikaganda.

Mtasema si ungeshika chaki uendelee. Chaki gani? Ubao mweusi waliung'oa wao wenyewe siku ya kufunga kioo chao, wakadai ukuta haubebi vyote viwili. Kipindi nilikimalizia kwa manila na kalamu ya maka niliyokimbilia stoo, huku walio nyuma wakilalamika hawaoni.

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Dada aliyepokea, niseme ukweli, alikuwa mstaarabu, akaniambia pole mwalimu na akaandika kila nilichosema. Alichoniuliza tu ni kama anaweza kuongea na mtu wa IT wa shule. Mtu wa IT ni mimi. Na wiki hiyo ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu pia, na wa huduma ya kwanza. Akacheka, nami nikacheka. Tukaahidiwa fundi.

Fundi alikuja baada ya simu nyingi na visingizio vya foleni ya Kilwa Road, tena akaingia katikati ya kipindi. Hodi hakubisha. Fulana ya kampuni, kitambulisho kinaning'inia kifuani, sikio moja limezibwa na hedifoni. Akalitazama darasa, akanitazama mimi, akauliza:

"Dada, mwalimu wa fizikia yuko wapi?"

Vidole vyangu vyeusi kwa wino. Nyuma yangu manila yenye V = IR kubwa, hata aliye nje dirishani anaisoma.

"Ndiye mimi."

"Aaaah," akasema, ile ndefu.

Sina ugomvi na kuitwa dada. Dukani naitwa dada, kwenye mwendokasi naitwa dada, naitika vizuri tu. Lakini mbele ya watoto ninaotaka wanisikilize mpaka Desemba? Hata konda akiniona na rundo la madaftari huniita mwalimu na kunitafutia kiti.

Akaenda kwenye kioo, akanipa mgongo, akaanza kubonyeza. Halafu akawageukia wanafunzi, si mimi, wanafunzi, akawaambia: "Hiki kitu hakina shida yoyote. Shida walimu wengi wanaogopa teknolojia."

Darasa kimya. Mnaujua ule ukimya wa wanafunzi wanaposubiri kuona mwalimu atafanya nini. Nikamuuliza kwa upole kabisa: umeme ukikatika ubao unajifunga wenyewe, hapo ninayeogopa ni mimi, au ni ninyi mlioufunga? Akasema shule ilitakiwa kununua UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Nikamuuliza nani alituambia. "Ipo kwenye mkataba." Akatoa modemu yake mfukoni, akaunganisha, ubao ukafunguka muda mfupi tu. Kisha akaniletea fomu nisaini. Kwenye mstari wa chanzo cha tatizo alikuwa ameshaandika: matumizi yasiyo sahihi.

Sikusaini. Akaniambia nisiposaini itahesabika hakuja. Nikamwambia basi hukuja, mlango ule pale.

Watoto walipiga makofi, nikawanyamazisha, ingawa moyoni nilifurahi.

Na kisa kingeishia hapo kama isingekuwa zile dakika alipofungua sakiti kuhakikisha inafanya kazi. Kwa mara ya kwanza jicho langu lilitua kwenye kona ya chini, kulia: PhET. Jina hilo nilishawahi kulisikia kwenye semina ya walimu. Jioni nikalitafuta. Ni mradi wa majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mwalimu anatumia bure. Unapakua faili moja, unaliweka kwenye fleshi, unalifungua kwenye kompyuta yoyote yenye kivinjari, na ukishalipakua halikuulizi intaneti wala leseni. Majaribio mengine yametafsiriwa hadi Kiswahili. Vile vitone vya buluu nilivyomsifia mkuu wa shule, tukavilipia kwa mwaka, vilikuwa vya bure siku zote!

Nikaendelea kuchimba. Ile "maktaba ya vitabu" kwenye kifurushi chao, vitabu vingi humo ni vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), ambavyo TET wenyewe wameviweka kwenye maktaba mtandao yao, mtu anasoma bila kulipa shilingi. Nilikuwa nawaonea huruma wenzangu wa shule za serikali waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Siku hizi nawaonea wivu. Chako mkononi, unaweka unachotaka.

Kwa hiyo nikaupa kisogo ule ubao. Nikatoa stoo projekta ya zamani inayotumika kwenye kikao cha wazazi, nikachomeka laptopu, nikatundika shuka jeupe juu ya kile kioo chao (nikiri, sehemu hiyo ilinipa raha). Sakiti ile ile, bila bando, bila ruhusa ya Mikocheni. Umeme ukikatika laptopu inabaki inawaka, ukirudi unawasha projekta unaendelea ulipoachia.

Hapo ndipo naanza kuyumba. Mwanga wa saa tano unapoingia madirishani, picha inafifia mpaka huwezi kutofautisha waya na swichi. Ukifunga mapazia, joto la Mbagala linawalaza watoto. Na yule binti wa dawati la nyuma hakuja tena mbele. Nilimwita ashike mausi, akasema, "Madam, endelea tu wewe." Kwenye kioo aligusa kwa kidole, alikuwa anajenga kitu chake mwenyewe, wenzake wanamuona. Kwenye laptopu wanakuja kuinama juu ya kimashine kidogo, mmoja anabofya na wengine wanatazama mgongo wake. Kinachofundisha pale si vitone peke yake. Ni kushika, kukosea, na moto kuwaka mbele ya wenzako.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kifaa ni kibovu, nasema hapana, kifaa ni kizuri. Tachi yake haijawahi kunigomea, rangi zinaonekana hadi dawati la mwisho na jua limewaka nje. Nikiulizwa kama mtu mwingine anunue, nasema hapana vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Nilikuwa nataka kutoa nyota tatu. Nilipoandika habari ya ile fomu zikabaki mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule dada wa kwenye simu.

Muhula ujao mkataba unaisha na mkuu ameniachia mimi niseme kama tuendelee. Nimemwandikia masharti kwenye karatasi: ubao ufanye kazi bila kuomba leseni mtandaoni hata umeme ukikatika mara ngapi, sisi wenyewe tuweze kuchomeka fleshi na kufungua faili zetu, na ubao mweusi waurudishe walikoutoa, kwa gharama yao. La fundi kubisha hodi niliandika kisha nikalifuta, halafu nikaliandika tena.

Wakikataa, kioo kitabaki ukutani kimefunikwa shuka. Wakati huo huo natafuta mtu anayeuza skrini kubwa ya tachi tupu, isiyo na kifurushi cha mtu yeyote ndani yake, ambayo unachomeka laptopu yako na kazi inaanza. Nimeambiwa Kariakoo zipo, ila kila duka niliingia wananitolea televisheni. Mwenye kulijua duka lenyewe anielekeze, na kama amewahi kununua hapo aseme na bei waliyompa.